Boila Imekataa: Uliza Maji, Uliza Umeme, Ndipo Ufungue

Boila nyingi zinazosemwa hapa Kasongo kwamba zimekufa bado ni nzima. Mwenye nyumba anawasha, anangoja, anafungua robine, maji yanatoka baridi. Kesho yake mtu wa pikipiki ametumwa Kindu, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa barabara tunayoijua, kutafuta rezistanse mpya. Rezistanse inafika, inafungwa, na maji yanabaki baridi vilevile. Pesa imekwenda, ubaya haukuwa pale.

Boila ya kawaida ya ukutani, iwe ya lita 30, 50 au 80, imetengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye vitu viwili: maji yanayosukumwa na mtambo wa mji, na umeme wa volti 220 usioyumba. Kasongo na Kabambare nyumba nyingi hazina hata kimoja. Umeme unatoka kwenye grupe ya esanse au kwenye pano za jua. Maji yanafika kwa bidoni, kichwani au juu ya baiskeli, yanamiminwa kwenye pipa lililopandishwa juu ya ukuta, na kutoka hapo yanateremka yenyewe. Kwa hiyo karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi haitusaidii sana. Yenyewe inaanza na mashini. Sisi tunaanza na maji, tunafuata umeme, na chuma tunakifungua mwisho.

Wenye boila si wengi: nyumba za wageni, nyumba za mapadri na masista, za mashirika, na wafanyabiashara kadhaa kuanzia Kasongo hadi Salamabila. Lakini kiangazi kikiingia, Juni hadi Agosti, asubuhi zinapoa, na mji huu una Waislamu tangu enzi za Tippu Tip. Wazee wanaamka kutawadha kabla ya alfajiri na hawataki maji ya baridi. Hapo ndipo simu za mafundi zinapoanza kulia.

Maji kwanza

Zima umeme, kisha fungua robine ya maji ya moto. Kama hakitoki kitu, usiseme boila imekufa. Ndani ya boila maji ya moto hukaa juu, na tuyo ya kuyatoa imeanzia juu. Hayatoki kwa hiari yake: yanasukumwa na maji ya baridi yanayoingia chini. Pipa la ukutani likiwa tupu, hakuna cha kuyasukuma, na boila iliyojaa maji ya moto haikupi hata kikombe.

Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, mashini imekufa. Tangu jana robine haitoi kitu."

"Mama, kwenye pipa ya juu maji iko?"

"Yaliisha jana, watoto walifua nguo."

Kazi imekwisha hapo. Bidoni tatu juu ya ukuta, na mashini imefufuka.

Kama robine inatema na kukohoa, kuna hewa kwenye tuyo. Iache wazi mpaka maji yatoke kwa mkondo mmoja usiokatika, ndipo uruhusu mtu kuwasha. Jambo hili si la kupuuza, maana rezistanse inayowashwa ndani ya tangi tupu inaungua katika dakika chache, na ndiyo sababu kubwa ya rezistanse kufa katika nyumba zetu. Tangi linakuwaje tupu bila mtu kulimwaga? Pipa la juu linakauka, mtu anafungua robine ya baridi iliyo chini jikoni au uani, na maji ya boila yanarudi kinyumenyume kwa njia yaliyoingilia. Dawa yake ni kilango kidogo cha chuma kinachoruhusu maji kuingia na kuyazuia kurudi, kinachofungwa kwenye tuyo ya baridi chini ya boila. Sopape ya usalama inayouzwa pamoja na boila huwa nacho ndani yake. Wafungaji wengine huitoa wakisema inapunguza mwendo wa maji. Irudishe.

Kuhusu mwendo wa maji wenyewe, kila mita moja ya urefu kati ya pipa na robine inakupa sehemu moja ya kumi ya bar. Pipa lililo mita 2 juu ya kichwa cha dushi linatoa bar 0.2 tu. Zinatosha robine, hazitoshi dushi yenye matundu madogo. Toboa matundu makubwa zaidi, au oga kwa kopo. Na zile dushi za plastiki zinazochemsha maji yakiwa yanapita, zenye wati 3500 hadi 5500, usizinunue kabisa. Ndani zina kiwambo cha mpira kinachongoja maji yenye nguvu ndipo kiwashe, na nguvu hiyo hatuna. Hata tungekuwa nayo, wati 5500 ni ampea 25, na hakuna grupe ya nyumbani itakayozibeba.

Kisha umeme

Ikiwa maji yapo na yanatoka vizuri lakini ni vuguvugu, pima volti. Multimeta ya bei ndogo inatosha. Ila ipime boila ikiwa imewashwa, kwenye tundu lile lile inapochomekwa. Grupe isiyo na mzigo inaweza kuonyesha 220 safi, na ikipewa boila ikashuka hadi 170.

Watu hudhani volti ikipungua kidogo na joto litapungua kidogo. Sivyo, joto linakimbia zaidi. Rezistanse ya wati 1500 kwa volti 220 inatoa wati zake zote. Kwa volti 180 inatoa kama 1000. Kwa 160 hazifiki 800. Boila ni ile ile, rezistanse ni ile ile, lakini maji yaliyohitaji saa moja na dakika 20 sasa yanahitaji zaidi ya saa mbili na nusu, na grupe imezimwa kabla hayajapata moto. Mteja anaapa kwamba rezistanse imechoka, kumbe anayechoka ni grupe.

Zile grupe ndogo zinazoandikwa 950 haziwezi boila yoyote ya ukutani. Namba ile ni ya kilele. Mzigo wa kudumu uko chini yake. Boila ya wati 1500 iwekewe grupe ya wati 2500 au zaidi, na wakati inachemsha, pasi na friji zipumzike. Kuna fundi atakayekuambia atakaza gavana ya grupe ili volti zipande. Mkatalie. Injini itakimbia kupita kiasi, na taa na televisheni zitalipa. Njia nzuri kwa mwenye grupe ndogo ni kubadili rezistanse: unapoagiza mpya, usiagize ya wati 2000 kama ile ya zamani, agiza ya 1000 au 1200 yenye sahani ya kufungia ya kipimo kile kile. Itachelewa, lakini itachemsha.

Angalia pia waya na plagi. Boila ya wati 2000 inavuta ampea 9. Inataka waya wa milimita mraba 2.5, na siyo ule mwembamba wa taa uliounganishwa vipande vitatu kwa plastiki ya mfuko. Baada ya nusu saa ya kuwasha, zima, chomoa, gusa plagi. Ikiwa imepata joto la kuunguza, au miguu yake ina weusi, joto ulilolilipia limebaki ukutani.

Tufanye hesabu mara moja ili kila mtu ajue anachonunua. Kuchemsha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunataka kilowati-saa 2. Grupe ndogo inatoa kilowati-saa moja, ikijitahidi mbili, kwa lita moja ya esanse. Kwa hiyo boila moja ya lita 50 inakula lita moja hadi mbili za esanse, na esanse inayofika Kasongo imeshalipa barabara nzima. Inayofika Kabambare imelipa na madaraja. Ndiyo maana nasema: usiwashe grupe kwa ajili ya kuoga. Washa boila wakati grupe inafanya kazi nyingine iliyokuwa ifanywe hata hivyo, na zima mara maji yanapopata moto. Tangi zima lenye sponji yake litayahifadhi mpaka asubuhi.

Je, pano? Batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na batri ya risasi haipendi kutolewa zaidi ya nusu yake. Zimebaki 600. Boila ya lita 50 inataka 2000. Tena kigeuza-umeme cha kubeba wati 1500 kitavuta zaidi ya ampea 125 kutoka kwenye batri ya volti 12, na waya zake zitayeyuka kama si nene kama kidole. Pano za nyumbani ziachie taa, simu na redio. Mwenye kutaka jua limchemshie maji alitumie moja kwa moja: bidoni zilizopakwa rangi nyeusi, zilizolazwa juu ya bati kuanzia asubuhi, jioni zina maji ya kuogea mtoto bila hata kijiti cha kiberiti.

Sasa fungua

Maji yapo, volti zinafika 210 au zaidi boila ikiwa inavuta, na bado ni baridi. Sasa shika turnevisi. Zima, chomoa plagi, na kama umeme unatoka kwenye grupe ya jirani anayegawia nyumba kadhaa, nenda umwambie mwenyewe kwa mdomo. Kwenye waya za kugawana, swichi ya ukutani mara nyingi imekata waya mmoja tu, na wa pili bado unaweza kukuua.

Chini ya kifuniko utaona termostate, na juu yake au pembeni kitufe kidogo, mara nyingi chekundu. Hicho ni cha usalama: maji yakipita kiasi cha joto, kinaruka na kukata umeme. Kibonyeze. Kikilia "tik", rudisha kifuniko, washa, na huenda umemaliza. Lakini kikiruka tena siku hiyo hiyo, kuna sababu, na kukifunga kwa waya ili kisiruke ni kosa la kuhatarisha nyumba. Ama termostate imegandana na haizimi, ama rezistanse imefunikwa na uchafu na joto linajikusanya pembeni mwake.

Rezistanse yenyewe inapimwa hivi. Toa waya zake mbili, weka multimeta kwenye omu, gusa miguu yake miwili. Ya wati 1000 isome kama omu 48, ya 1500 kama 32, ya 2000 kama 24. Multimeta isiposoma kitu, imekatika ndani, sasa una haki ya kutuma pikipiki. Kisha gusa mguu mmoja na chuma cha tangi: hapo isisome kitu chochote. Ikisoma, umeme unavuja kwenye maji.

Usipokuwa na multimeta, chukua mawe matatu ya tochi na kitaa cha LED kutoka tochi iliyovunjika, uviunge mfululizo, uupitishe umeme wake kwenye rezistanse. Kikiwaka, rezistanse haijakatika. Kisipowaka, geuza waya za kitaa ujaribu tena kabla ya kuhukumu, kwa sababu LED inawaka upande mmoja tu. Njia hii inagundua kukatika. Haioni kuvuja kidogo, kwa hiyo isikupe ujasiri wa kuingia kwenye beseni.

Na hata rezistanse ikiwa nzima, kama boila ina zaidi ya mwaka bila kufunguliwa, toa sahani inayoshika rezistanse. Funga maji ya baridi, fungua robine ya moto ili hewa iingie, inua mkono wa sopape, ungoja tangi limwagike. Likikataa kumwagika, tundu limezibwa na tope. Lichokonoe kwa waya. Ukifungua bolti za sahani, weka beseni chini na kaa pembeni, maana kinachoshuka mwanzoni siyo maji. Ni tope jekundu la kutu na udongo, zito, lenye harufu ya chuma, na nyuma yake mchanga unaoendelea kuanguka ukigonga tangi kwa kiganja. Rezistanse inatoka imevaa koti la tope lililookwa juu yake, na likipasuliwa kwa kijiko unaona ndani lina tabaka: jeusi karibu na chuma, jekundu nje. Hilo koti ndilo linalofanya kitufe chekundu kiruke, na ndilo linalokata rezistanse mwishowe.

Likwangue kwa kipande cha mti, wala usitumie msasa. Ukikuta ukoko mweupe mgumu, hiyo ni chokaa. Iloweke kwenye maji ya ndimu au siki usiku mmoja, itaachia. Kwa udongo ndimu hazifai kitu, ni kupoteza matunda. Chota tope ndani ya tangi kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, suuza kwa ndoo mbili tatu.

Hapo hapo pembeni ya rezistanse kuna fimbo ya magnesiamu, nene kama kidole gumba inapokuwa mpya. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikibaki waya mtupu, sasa tangi ndilo linaloliwa, na tangi likitoboka boila imekwisha kweli kweli. Ukiagiza rezistanse, agiza na fimbo katika safari hiyo hiyo; nauli ni moja.

Mpira wa sahani ukiwa umekakamaa, watu wanakata mwingine kutoka chemba ya tairi ya lori. Inashika kwa muda. Chagua sehemu nene isiyo na mshono, kaza bolti kwa kupishana, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, na ujue kwamba mwaka ujao utaubadili.

Ili tope lisirudi upesi, tengeneza pipa la juu, siyo boila. Tuyo inayotoka kwenye pipa ianzie sentimita 10 juu ya kitako chake, ili udongo utulie chini usiingie. Mdomoni weka kitambaa cha kuchujia, ukifue kila wiki msimu wa mvua. Na kila mwezi inua mkono wa sopape umwage ndoo moja. Maji yakitoka mekundu, ongeza ya pili.

Sopape na mshtuko

Sopape ikidondosha matone wakati boila inachemka, iache. Maji yakipata moto yanavimba. Lita 50 zikienda kutoka nyuzi 25 hadi 60 zinaongezeka zaidi ya nusu lita, na hizo lazima zipate pa kutokea. Weka kopo chini. Matone yakiendelea mchana na usiku, hata boila ikiwa baridi, kuna mchanga kwenye kiti cha sopape: inua mkono wake mara kadhaa maji yasukume, na isipopona ibadili. Nimeona sopape zilizozibwa kwa kijiti kilichofungwa mpira. Tangi lililozibwa hivyo, na termostate ikagandana siku moja, linapasuka na ukuta. Sopape ya kawaida imewekwa ifunguke kwenye bar 7, na hakuna kijiti kinachojua kuhesabu.

Mtu akisema maji "yanamng'ata" mkononi, boila isitumike hata mara moja zaidi. Usimwambie avae ndala. Umeme unavuja, na nyumba haina waya wa ardhi. Chimba nyuma ya bafu, mahali pasipokauka, pigilia fimbo ya shaba au ya chuma chenye zinki ya mita 1.5 hadi 2, na uiunganishe na chuma cha boila kwa waya wa kijani na manjano. Kisha tafuta rezistanse inayovuja uitoe. Waya wa ardhi hautibu ubovu, unakulinda nao tu. Grupe za nyumbani kwa kawaida hazijaunganishwa na ardhi, na kwa hiyo dijontere ya miliampea 30 uliyonunua kwa bei kali inaweza isikate lolote mpaka fundi anayejua aunganishe waya mmoja wa grupe na fimbo hiyo.

Rezistanse ya kuzamisha kwenye ndoo, ile ya koili yenye waya mfupi, haitengenezwi. Ikipasuka ganda, itupe. Ikiwa nzima, itumie kwenye ndoo ya plastiki na kamwe isiwe sufuria, ining'inie kwenye kijiti bila kugusa kitako, na mkono usiingie majini kabla plagi haijatoka ukutani. Ya wati 1000 inachukua kama nusu saa kuitoa ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 45. Kwa mzazi anayekandwa na kwa mtoto mchanga, maji yajaribiwe kwa kiwiko baada ya kuchanganywa. Ya nyuzi 60 yanachubua ngozi katika sekunde chache.

Pipa la kuni

Kuna boila nyingine ambayo haina duka, na kwangu mimi ndiyo inayofaa zaidi Kabambare: pipa la lita 200 lililojengewa matofali nyuma ya nyumba, tanuri chini yake, maji ya baridi yakiingia karibu na kitako na ya moto yakitoka karibu na juu. Likijengwa vizuri linatumia kilo 8 hadi 10 za kuni kavu kuzipeleka lita 200 hadi nyuzi 60. Likijengwa vibaya linakula mzigo mzima na kutoa machozi ya moshi.

Maji yakikataa kupata moto huku tanuri linawaka, angalia mambo manne kwa mfuatano huu. Kuni mbichi. Masizi nje ya pipa, ambayo yakiwa mazito yanazuia joto; yakwangue. Tope ndani, kama la boila, ambalo hukaa hasa pale moto unapopiga. Kila pipa liwe na robine ya kumwagia chini kabisa. Na nafasi kati ya pipa na matofali: sentimita 4 hadi 5 zinatosha moshi kuzunguka pipa kabla ya kupanda dohani. Ikiwa ni kubwa mno, joto linapita bila kusalimia. Moshi ukirudi mlangoni, dohani imeziba au ni fupi. Nyufa za matofali zizibe kwa udongo wa kichuguu, unavumilia moto kuliko saruji.

Mita mbili za kwanza za tuyo ya moto ziwe za chuma. Plastiki ya kawaida ikizidi nyuzi 60 inalegea na kuning'inia. Na juu ya pipa kuwe na tuyo ya kupumulia, inayopanda kupita usawa wa maji ya pipa la baridi kwa nusu mita, mdomo wazi angani. Ikitapika maji, punguza moto. Haizibwi, hata kwa gunzi la muhindi, hata watoto wakichezea.

Maji yakidondokea kwenye majivu, pipa limetoboka kitako. Gonga kuzunguka tundu: bati likiita kwa sauti, lina uhai, kiraka cha kulehemu kitashika. Likinywea kwa kidole, usiharibu elektrodi. Pipa laweza kupinduliwa, kitako kikawa juu na tundu la moto likawa la baridi, kiraka kikae mahali pasipo na moto mkali. Utaongeza miaka kidogo.

Pipa la dawa za kuulia wadudu halisafishiki, liache. La mawese ni bora kuliko la esanse. La esanse, hata likiwa limekaa tupu miezi, lina mvuke unaolipuka likiguswa na cheche. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, liachwe wazi, na wakati wa kulehemu lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa kazi, nafasi ya hewa ibaki ndogo kabisa.

Boila ya umeme ibaki kwa nyumba yenye grupe inayowaka kila jioni kwa kazi nyingine. Wengine tafuteni pipa la mawese, matofali ya kuchoma na fundi wa kulehemu mwenye subira, na fundi huyo akikataa kulijaza maji kwanza, tafuteni mwingine.